Hati ya Dansi: Uhakiki wa Maandishi ya Baleti

Tarehe 29 Mei ya mwaka 1912, kundi la baleti la Serge Diaghilev lilionyesha mjini Paris dansi fupi iitwayo L'Après-midi d'un faune, yaani Alasiri ya Fauni. Tarehe iyo hiyo ya mwaka uliofuata, kundi lilo hilo lilionyesha katika mji huo huo dansi nyingine, Le Sacre du printemps. Zote mbili zilitungwa na mtu mmoja, Vaslav Nijinsky, mchezaji wa Kirusi ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya nzima. Ya kwanza yaweza kuchezwa leo kwa hatua alizoziandika mwenyewe. Ya pili ilionyeshwa mara chache, kisha ikapotea. Muziki ambao Igor Stravinsky aliutunga kwa ajili ya dansi hiyo ya pili haukupotea, nao wapigwa duniani kote. Lakini hatua zilizofungamana na muziki huo hakuna azijuaye zote. Sababu yake yasemwa kwa maneno machache. Mwaka 1915 Nijinsky aliketi akaiandika Fauni kwa alama za mienendo, Sacre hakuiandika.

Makala haya yakusudia kuyapima maandishi ya namna hiyo. Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza baleti inahusiana nini na watu wa lugha. Jibu langu ni kwamba hati ya namna yoyote ni mali ya elimu yetu. Mtu atakaye kuandika kitu kipitacho, kiwe sauti au kiwe hatua, hana budi kuamua kwanza ni tofauti zipi zilizo na maana na ni zipi za kuachwa. Na kuamua hivyo ndiyo kazi yetu ya kila siku. Juu ya hati ya dansi pana maneno mawili yasemwayo sana. Wako wasemao kwamba hati huihifadhi dansi kama chumvi imhifadhivyo samaki. Wako na wasemao kwamba dansi ni roho, haiandikiki. Nionavyo mimi pande zote mbili zimekosea, na nitajaribu kuonyesha kosa la kila upande kwa mifano.

Kabla ya kuendelea yafaa tupatane juu ya majina. Katika makala haya baleti ni ile dansi ya jukwaani iliyolelewa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, hasa ya Ufaransa na Urusi, ambayo hatua zake zina majina ya Kifaransa mpaka leo. Mtunzi ni yule abuniye hatua na kuzipanga. Hati ni mfumo wa alama za kuandikia dansi, kama vile tusemavyo hati ya Kiarabu au hati ya Kirumi. Andiko ni karatasi za dansi moja zilizoandikwa kwa hati hiyo. Tofauti ya hati na andiko si ya kupuuzwa, maana mtu aweza kuwa na andiko akakosa hati: karatasi anazo mkononi, lakini hayupo ajuaye kuzisoma.

Kwa desturi baleti hurithishwa mwili kwa mwili. Mchezaji mzee husimama mbele ya kijana, humwonyesha, humshika mkono na kuuinua, humtajia hesabu, naye kijana hufuata mpaka mwili wake ushike. Njia hii si ya kudharauliwa. August Bournonville alionyesha La Sylphide yake mjini Copenhagen mwaka 1836, na wachezaji wa Denmark wameipokezana mpaka leo. Lakini La Sylphide iliyotangulia, ile ya Filippo Taglioni iliyoonyeshwa Paris mwaka 1832, ambayo ndiyo iliyompa Bournonville kisa chake, iliachwa kuchezwa, na ilipoachwa mapokezi yalikatika. Pierre Lacotte alipoirudisha Paris mwaka 1972 alilazimika kuitunga upya kwa kuunganisha habari za zamani. Hapo ndipo udhaifu wa mapokezi ya mwili unapoonekana. Dansi ikilala kizazi kimoja, hufa. Na hata isipolala, hubadilika pasipo mtu kujua, kwa kuwa kila mwalimu hufundisha aliyoyakumbuka, kwa mwili alio nao, wala hana kitu cha kujipimia.

Hati iliyoenea kwanza Ulaya ilichapishwa Paris mwaka 1700 na Raoul-Auger Feuillet, katika kitabu alichokiita Chorégraphie. Ubunifu wenyewe ulidaiwa na Pierre Beauchamp, mwalimu wa dansi wa Mfalme Louis XIV, ambaye mwaka 1704 alipeleka malalamiko kwamba kazi yake imetwaliwa na mwingine. Ukurasa wa Feuillet ni kama ramani ya sakafu. Juu pameandikwa nota za muziki. Chini yake imechorwa njia apitayo mchezaji. Na kando ya njia hiyo zimetiwa alama za miguu: hapa kunja goti, hapa inuka, hapa ruka, hapa telezesha. Vijistari vinavyoikata njia hulinganisha hatua na vipimo vya muziki. Mwaka 1706 John Weaver alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, na dansi zaidi ya 300 zilizoandikwa kwa hati hiyo zimetufikia.

Lakini mikono iko wapi? Feuillet alikuwa na alama za mikono, ila ni mara chache zilipotumiwa. Hatuna sababu ya kuwaita waandishi wale wavivu. Msomaji wao alikuwa mtu wa darasa lile lile, aliyejua pasipo kuambiwa kwamba mguu fulani ukitangulia mkono fulani huinuka. Jambo hili halitamshangaza mtu aliyewahi kusoma miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo ina alama tatu za irabu fupi, nasi tuna irabu tano. I na e zashiriki alama moja, u na o kadhalika. Herufi moja ya ba katika miswada mingi yaweza kusomwa b, au p, au mb. Mwandishi wa Lamu au wa Pate hakuona upungufu mkubwa, kwa sababu aliwaandikia watu waliokwisha kuijua lugha, na penye shaka mizani na vina viliwaongoza. Upungufu ulimpata msomaji wa mbali, aliyekuja baadaye bila lugha. Ndivyo ilivyo kwa hati ya Feuillet. Iliandika yale ambayo mjuzi aweza kuyasahau, ikaacha yale ambayo mjuzi hawezi kuyasahau; na leo, wajuzi wenyewe wakiwa wamekwisha kufa, yaliyoachwa ndiyo tuyatamaniyo.

Basi neno la kwanza ni hili: hati haihifadhi dansi. Huhifadhi zile tofauti tu ambazo waandishi wake waliona zina maana, tena zina hatari ya kupotea. Mfano wa chumvi na samaki haufai, maana chumvi haichagui sehemu ya samaki, bali hati huchagua. Kila hati, kabla ya kuwa chombo cha kuhifadhi, ni uhakiki wa dansi.

Mfano wa pili watoka Urusi. Vladimir Stepanov, mchezaji wa baleti ya kifalme ya St Petersburg, alichapisha Paris mwaka 1892 kitabu chenye jina lipasalo kutuamsha sisi watu wa lugha: Alphabet des mouvements du corps humain, yaani Alfabeti ya Mienendo ya Mwili wa Binadamu. Alizichukua nota za muziki akazigeuza ziwe alama za viungo: mistari miwili kwa kiwiliwili na kichwa, mitatu kwa mikono, minne kwa miguu. Nota moja huonyesha pamoja mwelekeo wa kiungo na muda wake. Stepanov alifariki mwaka 1896, lakini wenziwe waliendelea na kazi, na baleti nyingi za Marius Petipa ziliandikwa. Nicholas Sergeyev, aliyekuwa msimamizi wa ukumbi ule, aliondoka Urusi baada ya mapinduzi ya 1917 akazichukua karatasi hizo. Kwa msaada wake Diaghilev alionyesha Mrembo Aliyelala mjini London mwaka 1921. Tena, katika miaka ya 1930, Sergeyev aliwafundisha Giselle, Swan Lake na nyinginezo wachezaji wa Ninette de Valois, kundi ambalo baadaye lilipata jina la Royal Ballet. Kwa hiyo sehemu kubwa ya baleti za kale zichezwazo Uingereza iliingia nchini humo ikiwa ndani ya karatasi za mkimbizi mmoja. Leo karatasi hizo ziko katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mtu akizifungua huona mambo mawili. La kwanza ni mapengo. Mara nyingi miguu na njia za sakafuni zimeandikwa, ilhali mikono na kiwiliwili vimeachwa wazi, kwa sababu ile ile tuliyoiona kwa Feuillet. La pili ni ushahidi. Alexei Ratmansky alipoirudisha Mrembo Aliyelala kwa American Ballet Theatre mwaka 2015, akizifuata karatasi hizo, aliwataka wachezaji wake washushe miguu waliyozoea kuiinua juu sana, na wakunje magoti mahali ambapo shule ya leo huyanyosha. Wachezaji hao walifundishwa na walimu, na walimu hao na walimu wengine, mpaka kwa Petipa mwenyewe, na katika mlolongo huo hatuna haja ya kumtafuta mwongo. Kila kizazi kiliinua mguu kidogo tu kupita kizazi kilichotangulia. Picha za zamani zilikuwa zimedokeza jambo hilo, lakini picha huonyesha mkao mmoja, wala haitaji hatua iliyotangulia na iliyofuata. Bila karatasi, kuinuka kwa mguu kungehesabiwa kuwa ndiyo baleti yenyewe. Sergei Vikharev alikuwa amefanya kazi ya namna hiyo katika ukumbi wa Mariinsky mwaka 1999, na si wote walioridhika. Maana kwa mtu aliyekulia katika mapokezi, kuambiwa na karatasi kwamba amekosea si jambo jepesi.

Katika karne ya ishirini zilitokea hati mbili zilizozishinda zote kwa kuenea, nazo zatofautiana kwa namna iwezayo kutufundisha. Ya kwanza ni ya Rudolf Laban, iliyotolewa mwaka 1928. Mistari yake yasimama wima, na msomaji huanza chini ya ukurasa akapanda juu. Mstari wa kati hugawa mwili, kulia na kushoto. Umbo la alama huonyesha upande ambao kiungo chaelekea. Namna alama ilivyojazwa, kwa vijistari, kwa nukta au kwa weusi mtupu, huonyesha kama kiungo ki juu, katikati au chini. Na urefu wa alama huonyesha muda. Ya pili ni ya Rudolf Benesh na mkewe Joan, aliyekuwa mchezaji wa baleti, nayo kitabu chake kilitoka London mwaka 1956. Benesh alitumia mistari mitano kama ya muziki, akaifananisha na mwili: wa juu ni utosi, wa pili mabega, wa tatu kiuno, wa nne magoti, wa tano sakafu. Mchezaji huonekana kwa nyuma, ili kulia kwake kuwe kulia kwa msomaji. Kistari cha kulala ni kiungo kilicho sawa na mwili, cha kusimama ni kiungo kilicho mbele, nukta ni kiungo kilicho nyuma.

Watu wameshindana sana ipi iliyo bora, na mashindano hayo, nionavyo, yametokana na kutouliza ni bora kwa nani. Hati ya Laban ni kama alfabeti ya fonetiki. Haidhani lolote juu ya msomaji. Yaweza kuandika baleti, au mwendo wa fundi kazini, kwa alama zile zile. Na kwa sababu hiyo andiko lake ni refu na lina kazi kuliandika. Hati ya Benesh ni kama tahajia ya lugha moja iliyozoeleka. Huandika upesi, huweza kuwekwa chini ya mistari ya muziki, na huyaacha mengi yale ambayo shule ya baleti imekwisha kuyatia mwilini mwa msomaji. Hatuandiki barua kwa alama za fonetiki, wala hatuchunguzi lahaja ngeni kwa tahajia ya shuleni. Mwanafalsafa Nelson Goodman, katika kitabu chake Languages of Art cha mwaka 1968, alisema kwamba kazi ya hati ni kutenga yaliyo ya utungo wenyewe na yaliyo ya onyesho moja tu, akaihukumu hati ya Laban kuwa yaifanya kazi hiyo karibu sawa na hati ya muziki. Nakubaliana naye, ila naongeza kwamba mpaka wenyewe haukuwekwa na mbingu. Huwekwa na mtu mwenye kalamu, naye yampasa ajulikane.

Sasa turudi kwa Fauni, maana hapo ndipo hoja yote inapopimika. Dansi hii huchukua kama dakika 10, kwa muziki wa Claude Debussy. Wachezaji ni wanane: Fauni mwenyewe, kiumbe wa hadithi za kale aliye nusu mtu nusu mbuzi, na wanawali saba wa mwituni. Huenda upandeupande, nyuso na miguu vikielekea kando, kama picha zilizochorwa katika mitungi ya Wayunani wa kale. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Nijinsky Budapest, na kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui alizuiliwa mjini humo katika nyumba ya wakwe zake. Hapo aliichukua hati ya Stepanov aliyoijua tangu shuleni, akaigeuza na kuipanua, akaiandika dansi yake yote. Mwaka 1919 maradhi ya akili yalikwisha kumwondoa jukwaani, na mwaka 1950 alifariki London. Andiko lilikuwapo, na leo limo katika British Library. Lakini kwa miaka mingi halikusomeka, maana mageuzi aliyoyafanya katika hati alikuwa akiyajua mwenyewe.

Wakati huo dansi yenyewe iliendelea kwa mapokezi. Leon Woizikowsky, aliyekuwa katika kundi la Diaghilev, aliwafundisha wachezaji wa Marie Rambert mjini London mwaka 1931, na wengine waliifundisha kwingine, kila mmoja kama alivyokumbuka. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1980 Ann Hutchinson Guest na Claudia Jeschke walipoifungua hati ya Nijinsky. Walitumia maandishi mengine ya mkono wake: mazoezi ya darasani, ambayo kila mchezaji ayajua, na mikao ya sanamu zilizochongwa na Luca della Robbia, ambazo mtu aweza kwenda Florence akazitazama. Mtaalamu wa lugha ataitambua njia hii mara moja. Ni njia iliyotumiwa kwa jiwe la Rosetta: kinachojulikana hufungua kisichojulikana. Kisha walilihamisha andiko katika hati ya Laban, na kitabu chao kilitolewa mwaka 1991.

Andiko na mapokezi hayakukubaliana. Yalitofautiana katika hatua, na katika jinsi hatua zinavyofuatana na muziki. Ni lipi basi la kuaminiwa? Atakayeshika mapokezi atasema kwamba aliyeicheza aijua kuliko karatasi. Lakini Nijinsky hakuwa karatasi. Alikuwa mtunzi na mchezaji mkuu, naye aliandika miaka mitatu tu baada ya onyesho la kwanza. Atakayeshika andiko naye ana swali la kujibu. Mtu huyu, mbali na wachezaji wake, aliandika iliyochezwa Paris, au aliandika ile aliyotamani ichezwe? Swali hilo sioni jinsi ya kulifuta. Lakini tuangalie limetoka wapi. Limetoka katika andiko. Palipo na mapokezi peke yake hapana swali la namna hiyo, pana mamlaka tu, na mamlaka ni ya aliye mkubwa kwa umri au aliyepaza sauti zaidi. Andiko halikutuletea ukweli uliokamilika. Lilituletea shahidi wa pili, na palipo na mashahidi wawili hukumu yaweza kuanza.

Naomba niongeze jambo dogo nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilipewa ruhusa ya kuketi pembeni mwa chumba cha mazoezi ya baleti. Mwandishi wa dansi, bibi wa makamo, alikuwa ameketi mbele yangu na daftari la mistari mitano, kalamu ya risasi na kifutio. Mtunzi alisimamisha wachezaji akasema kwamba hatua ile sivyo ilivyokuwa. Bibi alifunua kurasa za nyuma, akasoma, akamwambia kwa upole kwamba ndivyo alivyoitunga mwenyewe majuma mawili yaliyopita. Mtunzi aliutazama ukurasa, ambao hakuweza kuusoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi naibadilisha." Bibi akafuta, akaandika upya. Tangu siku ile sijaamini tena kwamba hati humfunga mtunzi. Ilimwachia uhuru wake wote, ikamtaka abadilishe kwa kujua, asibadilishe kwa kusahau.

Sacre yatupa upande wa pili wa mizani. Mwaka 1987 Millicent Hodson na Kenneth Archer waliirudisha jukwaani pamoja na Joffrey Ballet, baada ya kukusanya kwa miaka mingi michoro ya Valentine Gross, maelezo ambayo Marie Rambert aliyaandika kandokando ya nota za muziki, maandishi ya Stravinsky, na masimulizi ya walioiona. Ni kazi ya uvumilivu na ya kuheshimiwa. Lakini hadhi yake si ile ya Fauni. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanapolijenga neno la lugha mama kutoka katika lugha zilizozaliwa nayo, hulitia nyota mbele, ili msomaji ajue kwamba neno hilo limekisiwa kwa hoja wala halikusikiwa. Ningependa kuona nyota ya namna hiyo kila dansi iliyojengwa hivi itajwapo. Bila nyota, mtazamaji hudhani amemwona Nijinsky, naye ameona elimu ya watu wawili wa siku zetu juu ya Nijinsky.

Labda msomaji atasema kwamba maneno haya yote yamepitwa, maana leo kila kundi laweza kupiga filamu. Filamu ni msaada mkubwa, na hunasa mambo ambayo hati yoyote huyaacha: uzito wa mwili, uso, pumzi. Lakini filamu ni kumbukumbu ya siku moja. Mchezaji akiteleza, filamu hunasa kuteleza wala haisemi kwamba huko kulikuwa kuteleza. Mmoja akisimama mbele ya mwingine, aliye nyuma hapatikani. Mchezaji mfupi akifupisha hatua kwa sababu ya miguu yake, atakayejifunza kwa filamu hiyo atafupisha bila sababu. Sisi twaijua tofauti hii vizuri. Kinasa sauti hutupa usemi wa mtu mmoja, kwa siku moja, pamoja na kikohozi chake. Sarufi hutupa lugha ambayo usemi huo ni mfano wake mmoja. Hakuna mtaalamu aliyeacha kuandika sarufi kwa sababu kinasa sauti kimepatikana, wala hakuna aliyekitupa kinasa sauti kwa sababu anayo sarufi.

Liko na jambo la haki. Mwaka 1952, nchini Marekani, Hanya Holm aliandikisha haki ya dansi alizozitunga kwa mchezo wa Kiss Me, Kate, akitumia andiko la hati ya Laban; na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1976 ilizitaja dansi waziwazi kati ya kazi zinazolindwa. Kabla ya hapo mwandishi wa maneno na mtunga muziki walikuwa na mali, lakini mtunzi wa dansi yao alikuwa na shida kuthibitisha yake. Kisichoweza kuonyeshwa mbele ya hakimu ni vigumu kumilikiwa. Hapa tena kazi ya andiko ni ushahidi.

Hata hivyo yanipasa niseme hofu yangu. Wasomaji wa hati hizi ni wachache. Wachezaji wengi hawazijui, na watunzi wengi hawazijui, kama yule niliyemtaja. Mwanamuziki husoma nota, mwigizaji husoma maneno ya mchezo wake, bali mchezaji wa baleti hutegemea mtu wa tatu amsomee sanaa yake mwenyewe. Andiko la Nijinsky limetuonyesha mwisho wa njia hiyo: karatasi salama, makabati mazuri, na hayupo wa kusoma. Kwa hiyo fedha itolewayo kuhifadhi maandiko na isitolewe kufundisha wasomaji ni nusu ya kazi tu, tena ni nusu iliyo rahisi. Hati huishi darasani. Ikitoka darasani ikaingia kabatini, haichukui muda mrefu kuwa fumbo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Waliosema kwamba hati huihifadhi dansi wameidai isiyoyaweza. Waliosema kwamba dansi haiandikiki wameifanya dansi kuwa mali ya walio hai peke yao, nao walio hai husahau. Faida ya hati ni kwamba haibadiliki pamoja na mwalimu, na kwa hiyo yaweza kumsahihisha, naye aweza kuihoji. Baleti yahitaji vyote viwili, mwili unaofundisha na karatasi inayopinga.

Sisi tusomao jarida hili tumezoea kukusanya maneno ya nyimbo za ngoma, tukayapanga kwa mizani na vina, tukayafasiria. Mara nyingi miguu iliyoyachukua maneno hayo tumeiandikia mstari mmoja, kwamba hapo watu hucheza. Sidai kwamba hati ya Benesh au ya Laban ndiyo itakayotufaa. Laban, kwa hoja niliyoitoa, ingekuwa na nafasi zaidi. Nadai tu kwamba mstari ule mmoja ni uamuzi tulioufanya juu ya yaliyo na maana na yasiyo na maana, na kwamba tuliufanya bila kuujadili.